Zaka Hufuata Mwezi Mwandamo

Ndugu Waislamu, wapo wafanyabiashara wa Magomeni wenye maduka Kariakoo ambao hufunga hesabu kila Desemba na kutoa zaka papo hapo. Tuzingatie: mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, wa Miladia 365 au 366. Tofauti hiyo, katika miaka 33 ya Miladia, hutimiza mwaka mzima wa Hijria. Zaka ya mwaka huo, haki ya mafukara, imebaki dukani.

Zipo programu za kompyuta ambazo, kwa amri ya mstari mmoja, hugeuza tarehe ya Miladia kuwa ya Hijria. Zitumieni kukadiria siku ya kutimia hauli. Lakini programu hupiga hesabu tu, haiuoni mwezi. Yaweza kupishana na mwandamo kwa siku moja au mbili.

Wabillahi tawfiq.