Je, Wajua? Kayongo, Gugu Linaloinywa Zailemu ya Mahindi

Katika mashamba ya Busia, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, na katika yale ya Tororo yaliyo kaskazini yake, huota gugu lenye maua ya zambarau ya kupendeza ambalo Waluo huliita kayongo, Waluhya oluyongo, na wataalamu wa kilimo wa Tanzania kiduha, ilhali jina lake la kisayansi ni Striga hermonthica. Mkulima huliona likiwa limechomoza kando ya shina la mahindi, mtama au wimbi, lakini wakati huo huwa limekwisha kuishi ardhini kwa majuma kadhaa, na sehemu kubwa ya hasara imekwisha kutokea bila ya mtu kuiona. Namna hasara hiyo inavyotokea haieleweki vyema mpaka ufahamike kwanza mwili wa mmea unaoshambuliwa, kwa sababu gugu hili huishi kwa kuifuata njia ya maji iliyomo ndani ya mzizi.

Mahindi ni mmea wenye mishipa, yaani mmea ulio na tishu maalumu za kusafirisha maji na chakula, na tishu ni mkusanyiko wa seli zinazofanya kazi moja. Mzizi wake ukikatwa kipande chembamba kwa wembe, kisha kipande hicho kikawekwa chini ya hadubini, huonekana duara ndani ya duara. Nje kabisa ipo epidemisi, safu ya seli zinazofunika mzizi, ambazo baadhi yake hurefuka na kuwa vinyweleo vya kufyonzea maji; ndani yake ipo koteksi, tishu nene ya kujazia yenye nafasi za hewa; na baada ya koteksi ipo endodemisi, safu moja tu ya seli, ambayo pengine ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote. Kuta za seli za endodemisi zimezungushiwa ukanda wa lignini, kitu kigumu kisichopitisha maji, na ukanda huo, uliopewa jina la mtaalamu wa mimea wa Ujerumani Robert Caspary, huyazuia maji yasipenye kati ya seli na seli, hivyo kila tone lenye chumvi za udongo hulazimika kupita ndani ya seli hai, ambako utando wa seli huchagua kinachoruhusiwa kuingia.

Nyuma ya lango hilo ndipo ilipo mishipa yenyewe, nayo ni ya aina mbili. Floemu ni tishu hai inayobeba sukari iliyotengenezwa majanini na kuipeleka kwenye mizizi na mbegu. Zailemu, inayobeba maji na madini kutoka ardhini, ina mirija iliyojengwa na seli zilizokufa: seli hizo hujipanga moja juu ya nyingine, huimarisha kuta zao kwa lignini, kisha hufa na kuacha uwazi, na katika mzizi wa mahindi matundu yake makubwa huonekana wazi yakiwa yamepangika kama pete. Kwa kuwa mirija imekufa, haina nguvu ya kusukuma chochote. Maji huvutwa kutoka juu, pale yanapogeuka mvuke na kutoka kupitia stomata, yaani vitundu vidogo vya majani vinavyoweza kufunguka na kufungika. Anayetoa mvuke mwingi zaidi ndiye anayevuta maji mengi zaidi, na kanuni hiyo ndiyo inayompa kayongo riziki yake.

Mbegu ya kayongo ina urefu wa takriban milimita 0.3, na akiba yake ya chakula ni ndogo kiasi kwamba mche ukichipuka mbali na mzizi wa kuushikilia hufa baada ya siku chache. Kwa hiyo mbegu haichipui hovyo, bali hungoja katika udongo wenye joto na unyevu mpaka ihisi strigolaktoni, kemikali zinazotolewa na mizizi ya mimea. Kemikali ya kwanza ya jamii hiyo ilitengwa mwaka 1966 kutoka kwenye mizizi ya pamba, na kwa muda mrefu haikueleweka kwa nini mmea utoe kitu cha kumwita adui, hadi mwaka 2005 ilipobainika kwamba kemikali hizo huwaita kuvu rafiki wanaousaidia mmea kupata fosfati. Mmea wenye njaa ya fosfati huita kwa sauti kubwa zaidi. Ndiyo maana udongo uliochoka, ambao ni mwingi katika eneo hili la mpakani, husumbuliwa na kayongo kuliko udongo uliorutubishwa, na lawama zote linazobebeshwa gugu hili zingefaa kugawanywa na uchovu wa ardhi.

Mche mdogo unapoufikia mzizi, ncha yake huvimba na kuwa haustoria, kiungo cha kujishikizia na kunyonya. Kiungo hicho hupenya epidemisi, kikapita katikati ya seli za koteksi, kikavuka endodemisi pamoja na ukanda wake wa lignini, na hatimaye kikaigusa zailemu, ambako seli zake hujipenyeza katika vitobo vidogo vya kuta za mirija, kisha nazo hupoteza uhai na kugeuka mirija, hata zailemu ya gugu na ya mahindi zikawa njia moja. Floemu haiunganishwi moja kwa moja. Hapo hali huwa kama ya wazee wa Tororo na Teso wanaokizunguka chungu kimoja cha pombe ya malwa, kila mmoja na mrija wake mrefu: wanajua kwamba chungu hakimpendelei mtu, ila avutaye kwa nguvu ndiye anywaye zaidi. Na malwa yenyewe hupikwa kwa wimbi, zao ambalo kayongo hulishambulia vilevile.

Katika shindano hilo mahindi hushindwa kwa sababu ya uangalifu wake. Ukame unapokuja, mmea hutengeneza asidi ya absisiki, homoni inayoziamuru stomata zifunge ili maji yasipotee, na kwa kufunga hivyo hupunguza nguvu yake ya kuvuta. Kayongo naye ana homoni hiyohiyo, tena kwa wingi, lakini stomata zake haziitii sawasawa, basi huendelea kutoa mvuke hata usiku, na maji pamoja na nitrojeni na sukari kiasi iliyomo ndani yake huelekea kwake. Majani yake ni ya kijani na hujitengenezea chakula, ila hakitoshi. Mahindi hudumaa na kunyauka hata kama udongo una unyevu.

Njia za kupambana naye nazo hupitia katika mishipa na mizizi hiyohiyo. Mbegu za mahindi ziitwazo Ua Kayongo hupakwa kiuagugu cha imazapiri, ambacho mahindi hayo yamezalishwa yakistahimili, hivyo gugu linalojishikiza kwenye mche hupata sumu. Mkulima hana budi kunawa mikono kabla ya kushika mbegu za maharage, maana dawa hiyo huziua. Gebisa Ejeta, mtaalamu mzaliwa wa Ethiopia aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009, alizalisha aina za mtama zinazolihimili gugu hili, zikiwemo zile ambazo mizizi yake haiamshi mbegu nyingi. Kituo cha utafiti cha icipe nacho kimeeneza mbinu ya sukuma-vuta, ambamo desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi: mizizi ya desmodiamu, ambayo ni ya jamii ya kunde, huziamsha baadhi ya mbegu za kayongo na wakati huohuo huzuia vimizizi vyake visikue, na juu ya hayo huongeza nitrojeni ardhini na kuwapa ng'ombe malisho.

Kung'oa kwa mkono hakuokoi sana mahindi yaliyokwisha kunyonywa msimu huo, lakini huokoa misimu inayofuata, mradi kazi ifanywe kabla ya maua kukomaa na gugu lililong'olewa lichomwe moto badala ya kutupwa njiani, kwa kuwa mmea mmoja huweza kudondosha makumi ya maelfu ya mbegu, nazo hukaa udongoni zikiwa hai kwa zaidi ya miaka 10.