Je, Wajua? Betri za Kompyuta Zilizoendesha Gari

Je, wajua kwamba Roadster, gari la kwanza la Tesla, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 2003 na wahandisi Martin Eberhard na Marc Tarpenning, lilitumia seli 6,831 za lithiamu, yaani vihifadhi umeme vyenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, vya aina iliyotumika katika kompyuta mpakato? Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa, kwa kuwa seli hizo zilikwisha kuzalishwa kwa wingi viwandani, hivyo kampuni changa haikulazimika kubuni seli mpya. Hata fremu ya Roadster ilitokana na ile ya Lotus Elise, gari la michezo la Uingereza. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2012 ziliuzwa Roadster takriban 2,450 tu.