Leseni ya piloti: maulizo ya kujiuliza mbele ya kuuza shamba

Bunia, Butembo, Bukavu ao Kalemie, watoto wanakomaa wakiangalia ndege ndogo zikishuka, juu barabara ni mbaya. Kisha siku moja mmoja anasema: "Baba, mimi nataka kuwa piloti." Familia inaanza kuhesabu shamba, ngombe na deni. Mbele ya kufika pale, tuelewane kwanza.

Leseni gani?
Ngazi ya kwanza ni leseni ya piloti wa binafsi, yenye wanaita PPL. Ukiwa nayo unaweza kuendesha ndege ndogo na kubeba ndugu ao marafiki, lakini sheria haikuruhusu kulipwa. Yenye inaruhusu mshahara ni leseni ya biashara, CPL. Hiyo inaomba masaa 200 hewani, ao 150 kama masomo yote yalifuatwa katika programu iliyokubaliwa. Basi mzazi mwenye anauza shamba ili mtoto apate kazi, ajue kwamba pesa ya PPL peke yake haimfikishe kwenye kazi.

Daktari kwanza
Kanuni za kimataifa za ICAO zinaomba miaka 17, masaa 40 ya kuruka, na kati yao masaa 10 peke yako, bila mwalimu pembeni. Afrika ya Kusini na Ulaya wanaomba masaa 45. Kunaombwa pia cheti cha afya cha daraja la 2, na kwa CPL daraja la 1. Macho, masikio na moyo vinapimwa na daktari mwenye kibali cha mambo ya anga. Fanya kipimo hicho mbele ya kulipa masomo. Na kama lengo ni kazi, omba kabisa daraja la 1, ili mtoto asikwame njiani kisha pesa kuisha.

Wapi?
Karibu na sisi kuna Soroti, Uganda, kwenye shule ya serikali iliyoanzishwa 1971, na Nairobi, Kenya, kwenye kiwanja cha Wilson chenye shule nyingi za watu binafsi. Wilson iko juu karibu metre 1,690, na Kavumu karibu metre 1,720. Hewa ya milimani ni nyepesi: motere inapoteza nguvu, ndege inakimbia sana mbele ya kuacha udongo. Mwenye kujifunza pale anazoea mapema hali inayofanana na ya Kivu. Lakini pande zote mbili masomo na radio ni kwa Kiingereza. Watoto wetu wanasoma kwa Kifaransa, basi miezi ya Kiingereza hapa nyumbani ni bei rahisi kuliko kujifunza lugha ndani ya ndege, kila dakika ikilipwa.

Leseni ya Kenya, ndege ya Congo?
Leseni ya Kenya inakuruhusu kwa ndege za Kenya, zenye alama 5Y. Ndege zetu ni 9Q. Ili uziendeshe, lazima mamlaka yetu ya anga, AAC, ikubali leseni ile. Uliza AAC mbele ya kusafiri ni karatasi gani wataomba, na unapofika huko andika kila saa katika kitabu chako, mwalimu atie sahihi.

Pesa
Usiulize tu "PPL ni bei gani?" Uliza bei ya saa moja. Tuseme ni dola 200: masaa 40 ni dola 8,000. Lakini wanafunzi wengi wanapita 50. Kwa masaa 55 ni dola 11,000. Ongeza nyumba, chakula, viza, mitihani. Ndege ikikaa garage wiki mbili, kodi ya nyumba haisimame.

Kwa hiyo usilipe yote mara moja, hata mtu akikuahidi punguzo. Lipa kwa masaa kumi kumi, uombe risiti. Uliza shule kibali chake, kisha uhakikishe kwa mamlaka ya anga ya nchi ile. Uliza wana ndege ngapi zinazoruka leo, na walimu wangapi. Kama inawezekana, mtoto aende aone, aruke saa moja ya kujaribu, azungumze na wanafunzi wenyewe pembeni.

Saa ile moja ina bei, lakini haiuzishi shamba.