Tupande Ibinyomoro, Hata Kama Tutahama



Kwenye foleni ya maji tunasikia neno moja: "Nipande mti wa nini, na kesho watatuhamisha?" Hatuwezi kulicheka neno hilo. Wengi wetu tulipokelewa Nkamira, hapa Rubavu, na hicho ni kituo cha kupita tu. Hata kambi ya Gihembe, iliyoanza mwaka 1997, ilifungwa mwaka 2021 na watu wakapelekwa Mahama. Gari hubeba magodoro na masufuria, miti hubaki.

Ndiyo maana mwezi huu tunazungumzia mti usiomchelewesha mtu: ule wa ibinyomoro. Tanzania wanauita mgogwe, na Kenya matunda yake huitwa matunda damu. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kwa hiyo ubaridi wa huku kwetu unaupenda. Ukiupanda kwa mbegu, unazaa baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Tena ni pambo la mlangoni: majani mapana, maua yenye harufu nzuri, na matunda mekundu yanayoning'inia kama mayai.

Fanya hivi:

1. Chukua tunda lililoiva kabisa, la mti wenye afya. Toa mbegu, osha utelezi wote, zianike kivulini juu ya karatasi siku 2 au 3.

2. Toboa mkebe chini. Weka vijiwe vya volkano, havikosekani hapa, kisha udongo uliochanganywa na mboleo iliyooza. Fukia mbegu kidogo tu. Mwagilia kwa mkono, usimimine. Subiri wiki 2 au 3, pengine zaidi.

3. Miche ikifika urefu wa kidole, kila mmoja upewe mkebe wake. Ukifika kama mita 1, kata ncha ili utoe matawi.

4. Mwisho uhamishie ardhini, au kwenye bidoni ya lita 20 iliyokatwa juu na kutobolewa chini.

Sisi wenyewe tulikosea mara ya kwanza. Hatukutoboa mikebe, mvua ya Aprili ikaijaza, mizizi ikaoza, miche yote ikafa. Kumbe mti huu hauvumilii maji yaliyosimama! Mizizi yake haiendi chini sana na matawi huvunjika upesi, basi uweke karibu na ukuta na uufunge kwenye kijiti. Usiupande jirani na nyanya wala viazi, maana ni wa ukoo mmoja na huambukizana magonjwa. Ukiona vidukari chini ya majani, vioshe kwa maji ya sabuni.

Watoto wasile tunda bichi. Lililoiva likate katikati, ule kwa kijiko. Ganda lake ni chungu.

Na tukihamishwa? Bidoni itapandishwa garini kama chombo kingine. Ikikosa nafasi, mwachie jirani, watoto wake watakula. Wewe ondoka na mbegu kavu kwenye karatasi. Mashamba yetu hatukuweza kuyabeba, lakini mbegu zinaenea mfukoni.

Mwenye mti uliokwisha kuzaa atuletee tunda moja. Tutagawa mbegu kwa familia zisizo nazo.