Fundi wa kanseri afungwe mikono

Wandugu wachimbaji, tunajua shimo linashikwa na miti, na mti ukivunjika mafundi wanaingia mbio. Seli ya kanseri nayo iko na mafundi wake. Mmoja ni enzimu iitwayo PARP: kemoterapi inakata ADN, yeye anashona, kanseri inaendelea kuishi.

Mwaka 2003, kule Newcastle, Uingereza, wagonjwa walianza kupewa dawa ya kuzuia PARP pamoja na kemoterapi. Lakini dawa hizo mbili pamoja zinashusha damu pia, basi kipimo kinapunguzwa. Desemba 2014 Marekani ikakubali olaparib, dawa ya kumeza, kwa kanseri fulani ya ovari. Bei yake, tuache tu!

Hapa Uvira hata nauli ya kufuata kemoterapi inauzisha mbuzi. Mutuelle yetu inalipa mguu uliovunjika, kanseri hapana. Mama zetu na wake zetu wanaugua. Tunataka iandikwe humo mwaka huu.