Rangi ya picha yaweza kurudisha mzigo

WAFANYABIASHARA wa Ngara na Biharamulo wanaotangaza bidhaa zao kwa picha katika intaneti wanashauriwa kuhakiki rangi za picha hizo kabla ya kuzitoa. Tofauti ya rangi kati ya picha na bidhaa yaweza kumfanya mnunuzi akatae mzigo ambao tayari umesafirishwa.

Suala hili lina uzito wa pekee katika wilaya hizo za Mkoa wa Kagera. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na mizigo huvuka kupitia Rusumo na Kabanga. Mnunuzi aliyeko ng'ambo ya mpaka, au Mwanza, si rahisi afike ghalani. Huamua kwa picha.

Katika soko la maharage, rangi ni bei. Maharage ya njano, mekundu na ya madoadoa hayauzwi sawa, na gunia lililochanganyika rangi hushuka thamani. Hali kadhalika, mwenye duka la vitenge Biharamulo anayeagiza Kariakoo kwa kuangalia simu, akipokea rangi ambayo wateja wake hawaitaki, mtaji wake umelala.

Chanzo cha tatizo ni kwamba picha ya kompyuta huhifadhiwa kwa namba. Kwa kawaida kila nukta ina namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, na kila namba ni kati ya 0 na 255. Namba hizo peke yake hazitoshi. Mfanyabiashara wa mpakani anafahamu kuwa bei ya 5,000 haina maana mpaka itajwe kama ni shilingi ya Tanzania, faranga ya Rwanda au faranga ya Burundi. Katika picha, kinachotaja "fedha" hiyo ni maelezo yanayoambatana na faili, yaitwayo profaili.

Utaratibu wa profaili uliwekwa na International Color Consortium, chombo kilichoanzishwa mwaka 1993 na kampuni nane. Mwaka 1996 Hewlett-Packard na Microsoft zilipendekeza mfumo wa rangi wa sRGB, ambao mwaka 1999 ulipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa. Huo ndio mfumo wa kawaida wa intaneti hadi leo. Mwaka 1998 Adobe ilitoa mfumo wake, Adobe RGB, wenye wigo mpana zaidi, hasa upande wa kijani, kwa ajili ya kazi za uchapaji.

Hasara huanzia hapo. Picha iliyohaririwa katika Adobe RGB ikitolewa bila profaili, kivinjari huisoma kama sRGB na rangi hupauka. Njano iliyokolea huonekana imefifia, na mnunuzi hudhani ni mzigo wa daraja la chini. Simu nazo zimo: tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, simu za Apple hupiga picha katika wigo mpana uitwao Display P3. Profaili ikipotea njiani, matokeo ni yale yale.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kuitoa picha, ibadilishe iwe sRGB na uache profaili ndani ya faili. Photoshop inafanya kazi hiyo, na GIMP pia, ambayo hutolewa bure. Katika Photoshop, amri inayotakiwa ni "Convert to Profile", si "Assign Profile". Ya kwanza ni sawa na kubadilisha faranga kuwa shilingi kwa kiwango cha siku. Ya pili ni sawa na kufuta neno faranga na kuandika shilingi, huku namba ikibaki vile vile.

Aidha, picha zilizoandaliwa kwa wino nne za kiwandani, yaani CMYK, kwa ajili ya kalenda au lebo, zibadilishwe pia kabla ya kuingia katika intaneti.

Upigaji wenyewe uwe wa mchana, kivulini, na karatasi nyeupe iwekwe kando ya bidhaa ili wakati wa kuhariri weupe urekebishwe kwa kuifuata. Mhariri azime hali ya usiku inayotia skrini umanjano, kisha aitazame picha katika simu mbili au tatu tofauti, ya bei nafuu ikiwemo.

Hata hivyo, skrini ya mnunuzi haimo mikononi mwa muuzaji. Rangi na aina viandikwe kwa maneno, na kwa mzigo mkubwa itumwe sampuli. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo, na iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli. Kilo moja ya maharage iliyotangulizwa kwa mnunuzi ni gharama ndogo kuliko lori linalorudi Rusumo na mzigo wake.