Treni za zamani za URSS: kwa nini wenye walizipanda hawazisahau

Wakaaji wa Kindu, Kongolo ao Kalemie wanajua vile treni inaweza kubakia katika akili ya mutu: mlio wake usiku, vyakula vya njiani, jirani mwenye mulikaa naye siku mbili na hata jina lake hukulijua. Wakongomani wenye walisoma katika Umoja wa Kisovieti, yaani URSS, wako na kumbukumbu za namna hiyo, lakini zao ni za inchi ya baridi. Chuo kikuu kimoja cha Moscou kilifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba. Vijana wa Afrika walisoma pia Leningrad, Kiev, Minsk na Tashkent. Kutoka muji moja kwenda mwingine, mara mingi walipanda treni.

Nyumba yenye kutembea

URSS ilikuwa inchi kubwa kupita zote duniani. Reli ya kutoka Moscou mpaka Vladivostok iko na kilometa 9.288, na safari inachukua karibu juma nzima. Kwa hiyo treni ilijengwa kwa kulala ndani. Vagoni ya bei ya chini ilikuwa na vitanda 54 na haikuwa na milango katikati: watoto, askari, bibi wazee, wote walilala wakionana. Mwenye kuwa na feza kidogo zaidi alichukua vagoni ya vyumba, watu 4 kwa chumba.

Kila vagoni ilikuwa na mulinzi wake, sana sana mwanamke. Yeye njo alikuwa anaangalia tikiti, anagawa mashuka, anaamsha wenye kushuka usiku. Yeye pia aliwasha moto wa makaa chini ya pipa la maji, juu maji ya moto yasikosekane. Chai ilikuja katika glasi yenye kuvalishwa chuma chenye mukono, ili isiunguze vidole na isianguke wakati treni inatikisika. Chai ile, pamoja na mukate, mayai ya kuchemsha na kuku wa kukaanga, ilikuwa inafungua mazungumzo. Kula peke yako mbele ya wengine haikuonekana vizuri, sawa vile kwetu.

Kulikuwa na jambo lingine lenye wageni walijifunza mapema: choo kilifungwa kwa ufunguo mbele ya treni kufika kwenye gare. Sababu ni rahisi: uchafu ulianguka moja kwa moja kwenye reli.

Saa moja kwa inchi yote

Kwenye gare zote, saa za treni zilifuata saa ya Moscou. Vladivostok inatangulia Moscou kwa saa 7. Basi kama tikiti iliandikwa saa sita ya usiku, kule Vladivostok watu walikuwa wanaamka, saa moja ya asubuhi. Mutu mwenye hakufanya hesabu aliachwa. Treni ilipita maeneo mingi ya saa, na kwa wafanyakazi saa moja tu ilipunguza makosa. Urusi iliendelea na desturi hiyo mpaka mwaka 2018.

Treni inabadilisha viatu

Wanafunzi wenye kwenda Berlin wakati wa likizo walisimama muda mrefu kwenye mpaka, katika muji wa Brest. Reli ya kisovieti ni pana, milimeta 1.520, lakini ya Polonia na Ujerumani ni milimeta 1.435. Vagoni ziliinuliwa moja moja, magurudumu yakaondolewa, ingine ikawekwa. Abiria walibaki ndani, juu hewani. Reli ya Kalemie na Kindu ni nyembamba zaidi, milimeta 1.067. Kama treni ya Brest ingeletwa huku, ingehitaji viatu vingine tena.

Kila mutu na kumbukumbu yake

Lakini si kila kumbukumbu ni ya chai. Mugeni alipaswa kupata ruhusa mbele ya kutoka katika muji wenye aliandikishwa. Miji mingine ilifungwa kabisa. Vladivostok, muji wa jeshi la maji, haukupokea wageni wa kawaida mpaka mwaka 1992. Wenye kuelekea Japani waliteremukia Nakhodka kupanda meli. Serkali iliweka bei ya tikiti chini, lakini ilijua pia nani anaenda wapi.

Na kwa watu wengine treni ni jeraha. Tarehe 23 Februari 1944, serkali ya Staline ilianza kuhamisha Wachechen na Waingush kwa nguvu, karibu watu nusu milioni. Walipakizwa katika vagoni za mizigo, wakapelekwa Kazakhstan na Kirghizistan katikati ya baridi. Wengi walikufa njiani ao kisha kufika. Ruhusa ya kurudi kwao ilikuja mwaka 1957. Kwa jamaa hizo, mlio ule ule wenye unafurahisha wengine unakumbusha kukimbizwa, na huku mashariki ya Congo watu hawahitaji kuelezwa sana juu ya jambo hilo.

Kisha mwaka 1991

URSS ilipoanguka, inchi 15 zilitoka ndani yake. Reli zilibaki mahali pao, lakini mipaka ilipita juu yao. Kutoka Moscou kwenda Tashkent ilikuwa safari ndani ya inchi moja. Sasa kuna pasiporti na forodha njiani. Ile njo sababu moja wazee wengi wa kule wanazungumuza juu ya treni wakati wanataka kuzungumuza juu ya inchi yenye haiko tena.

Kama katika jamaa yako kuna mutu mwenye alisoma Moscou ao Kiev, umuulize juu ya safari zake. Umuulize chai ilikuwa namna gani, na umuulize pia wapi alikatazwa kwenda.